Kutafuta kazi ya kwanza huku unamuuguza mzazi

Baba alipoanza kusafishwa damu, mimi nilikuwa nimetoka kuhitimu, uzoefu wa kazi sina hata wa siku moja. Figo zikishindwa, mashine ndiyo inayozifanyia kazi, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, na kila mara mgonjwa hukaa hapo kama saa 4. Kwetu zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ongeza safari ya kwenda na kurudi, ongeza kizunguzungu kinachomshika akiinuka kwa kuwa presha imeshuka, siku imekwisha. Lakini kwa miezi 5 nilitafuta kazi kana kwamba siku hizo 3 bado ni zangu. Nikaitwa kwenye usaili mara 2 na mara zote 2 sikufika.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeanza akiwa na mgonjwa nyumbani ni hili: andika kwanza ratiba ya ugonjwa, kisha tafuta kazi inayoweza kukaa pamoja nayo. Iandike kabisa kwenye karatasi: siku za kliniki, saa za dawa, siku anazopata nguvu na siku anazolegea. Anayetibiwa saratani kwa dripu mara nyingi huwa na mzunguko wa wiki 2 au 3, na siku zinazofuata baada ya dawa ndizo nzito. Pembeni andika nani anaweza kushika zamu yako, na umuulize mwenyewe kabla hujaandika jina lake. Mdogo wangu alikubali Jumatano tu. Hiyo Jumatano moja ilinifungulia mengi, maana sasa nilijua kwa hakika siku ninazoweza kuahidi.

Ukishajua siku zako, punguza maombi. Nilikuwa natuma kwa kila tangazo, usiku, macho yamejaa usingizi, na barua moja ilikwenda ikiwa na jina la kampuni nyingine kabisa. Maombi 3 kwa wiki yaliyosomwa mara mbili yalinipa majibu mengi kuliko 20 ya haraka. Weka kwenye simu wasifu wako, picha safi za vyeti na barua moja ya msingi unayoirekebisha. Wadhamini wako nao waambie hali ya nyumbani, ili wakipigiwa simu wasishangae kwa nini tangu uhitimu hujashika kazi.

Simu ya mwajiri itakuja wakati mbaya, hilo lijue. Yangu ilikuja mashine inalia na muuguzi ananiita. Nilipokea, nikababaika, nikasahau hata jina la nafasi niliyoomba. Siku hizi nawafundisha wenzangu sentensi moja: "Asante kwa kunipigia. Nipo mahali penye kelele, naomba nikupigie baada ya dakika 10." Muulize jina lake, toka nje, vuta pumzi, fungua tangazo ulisome, ndipo upige. Hakuna aliyewahi kunikatalia dakika hizo.

Ukipangiwa usaili siku ya matibabu, omba kubadilishiwa mapema, kwa maneno machache: "Nashukuru kwa nafasi hii. Jumatatu nina jambo la kifamilia lisilohamishika. Naweza kufika Jumanne au Alhamisi, saa yoyote." Toa siku 2 za kuchagua, na usisimulie ugonjwa. Mimi niliwahi kuandika aya 3 za hali ya baba. Ilikuwa kweli tupu, lakini aliyeisoma alikuwa na kalenda mbele yake na alitaka tarehe tu.

Je, mwajiri aambiwe lini? Ushauri wangu, na wapo watakaoupinga: si kwenye barua ya maombi, na si baada ya kuanza kazi. Mwambie ukishapewa nafasi, kabla ya kusaini. Kwenye usaili ukiulizwa miezi hii ulikuwa wapi, jibu kwa sentensi moja kwamba ulikuwa unamuuguza mzazi na sasa mmejipangia zamu, kisha rudi kwenye kazi. Nafasi yangu ya kwanza ilipotea niliposema siku zangu. Iliniuma sana. Hata hivyo, kazi ile ilikuwa ya kusafiri kila wiki, na nisingemaliza mwezi. Wa pili walinipa zamu ya mchana kwa siku 2, niingie mapema siku zilizobaki.

Kabla ya kusaini, soma mkataba kwa mambo haya: muda wa majaribio ni miezi mingapi, ruhusa ya dharura inaombwaje, na bima ya afya inawagusa wazazi au la. Usidhani tu, uliza. Bima nyingi za kazini huhesabu mwenza na watoto, mzazi akabaki nje.

Nililochelewa kulijua kuliko yote ni kwamba baba alitaka kushirikishwa. Nilikuwa namficha barua za kukataliwa, nikidhani namlinda. Siku moja nilikuwa nimemshika mkono ule wenye fistula, pale ambapo mshipa umeungwa ili mashine ipate damu. Ukiweka vidole unausikia unatetemeka mfululizo, kama kitu kinachonguruma kwa mbali. Akaniuliza taratibu, "Wamekukataa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi nisomee barua." Tangu siku hiyo saa zile 4 za kitini zikawa za mazoezi: yeye mwajiri, mimi mwombaji. Aliuliza "Kwa nini tukuchukue wewe?" mara nyingi sana, na kila nilipojibu kwa sauti ya chini alinisimamisha, akasema, "Rudia. Sijakusikia."