Maswali ya Wasomaji: Kumnyoa Farasi Bila Mistari Wala Majeraha

SWALI: Nafanya kazi ya usaisi. Baridi ya huku imewaotesha farasi wetu manyoya mazito, na wakitoka mazoezini hukaa na jasho hadi usiku. Tajiri ameleta mashine ya kunyolea. Nilimnyoa mmoja akatoka na mistari kama shamba lililolimwa, na baada ya muda mfupi akakataa kabisa kutulia. Tatizo ni nini? – Saisi, Nanyuki

JIBU: Ndugu saisi, mistari na kutotulia mara nyingi vina chanzo kimoja: uchafu. Vumbi na mafuta ya ngozi yaliyojificha chini ya manyoya hufanya bledi ziwe butu. Bledi butu huvuta badala ya kukata, na zinavyozidi kusuguana ndivyo zinavyopata moto. Hapo si ukaidi wa farasi, anaungua.

Mwoshe kwa shampuu siku moja kabla, umsuuze vizuri, na usimguse kwa mashine mpaka akauke hadi kwenye ngozi. Manyoya mabichi hugandamana kwenye bledi.

Unapofunga bledi, usikaze skrubu kwa nguvu zote. Kwenye mashine nyingi unakaza mpaka uhisi inaanza kugoma, kisha unailegeza, kwa baadhi yake mzunguko mmoja na nusu. Kila mtengenezaji ana kipimo chake, kwa hiyo fuata kijitabu cha mashine yako. Zikilegea mno manyoya hupenya katikati bila kukatwa. Zikikazwa mno zinasagana na mota inalemewa. Tia oili kabla ya kuanza na kila baada ya dakika 5 hadi 10, kisha ziguse kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Zikiwa za moto, zima na ungoje. Oili haitoshi kupoza bledi zilizokwisha kupata moto. Matundu ya hewa nayo yapige burashi, maana yakiziba mashine yote inachemka.

Anzia begani, penye ngozi tambarare. Nyoa kinyume cha mwelekeo wa manyoya, bledi zikiwa zimelala bapa, kwa mapito marefu yaliyonyooka, kila pito likipanda juu ya lililotangulia kwa sentimita 1 au 2. Usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Mstari ukibaki, upitie kwa mshazari, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Usipotoka uache, utafifia manyoya yakikua. Ukizidi kuuandama unaacha mabaka.

Majeraha hutokea penye mikunjo: nyuma ya kiwiko, kinenani, chini ya taya. Mwenzako avute mguu wa mbele kwenda mbele mpaka ngozi ya kiwiko inyooke, nawe uitandaze kwa mkono usioshika mashine. Ubavuni karibu na paja manyoya huzunguka, basi geuza mashine kuyafuata.

Kama farasi wenu wanalala nje, msiwanyoe mwili mzima. Kwa kazi ya kawaida inatosha kunyoa upande wa chini wa shingo, kifua na tumbo, panapotoka jasho jingi. Chora mpaka kwa chaki pande zote mbili kabla ya kuwasha mashine, kisha simama nyuma ya farasi uhakikishe michoro inalingana. Miguu iache na manyoya yake.

Na umeme: sakafu kavu, waya mbali na kwato, na kwenye soketi kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme unapovuja. Vaa helmeti.

SWALI: Farasi wetu akisikia tu mlio wa mashine anarusha mateke. Naweza kununua sindano ya kumtuliza? – Msomaji, Limuru

JIBU: Hapana, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Dawa hizo zenyewe zinaweza kumtoa farasi jasho, na hapo kunyoa kumekwisha. Tena aliyetulizwa huonekana kama amelala, lakini bado anaweza kupiga teke. Kwanza mzoeshe kwa siku kadhaa: washa mashine mbali wakati anakula, isogeze kidogo kidogo, kisha weka kiganja chako begani mwake na uegemeze mashine inayonguruma juu ya mkono wako, ili ahisi mtetemo bila bledi kumgusa.

SWALI: Nina farasi jike wa miaka 22. Manyoya yake ni marefu na yamejikunja hata katika joto la Januari. Nimnyoe? – Msomaji, Naivasha

JIBU: Mnyoe apate nafuu, lakini mwite daktari pia. Farasi mzee asiyepukutisha manyoya tunamshuku ugonjwa wa Cushing, unaotokana na tezi iliyo chini ya ubongo. Dalili nyingine ni kunywa maji mengi, misuli ya mgongo kunywea na kwato kuuma. Hupimwa kwa damu, na dawa yake ni pergolide, ya kila siku. Tumia bledi zinazoacha kama milimita 3, na mkinge na jua kali siku za kwanza, hasa penye ngozi ya waridi.

SWALI: Ndevu za mdomoni na manyoya ya ndani ya sikio nayo yanyolewe? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana. Ndevu ndizo anazopapasia asichokiona mbele ya pua yake, na tangu Julai 2021 kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, zinakataza kushindana farasi aliyenyolewa ndevu hizo. Sikio likunje kingo zikutane, ukate yanayochomoza tu. Ya ndani huzuia inzi na vumbi.