Jibu: Nitajuaje hobi inayonifaa?

Ndugu yangu wa Kisauni, umesema gitaa umelinunua, jimu umelipia, na vyote umeviacha kabla hujamaliza mwezi mmoja. Usianze na kununua, bwana. Jiulize kwanza: ukitoka kazini unawataka watu, au unawakimbia?

Mie nashinda dukani nikivutana bei na wateja. Nilipojiunga na wachezaji bao kule Mji wa Kale, Mombasa, nikajiona nimerudi kazini. Mchezo mtamu, mashimo 32, kete 64, lakini wazee wale wakikufunga, maneno yao utatamani ardhi ipasuke! Kama wapenda mizaha, nenda ukae utazame wiki nzima kabla hujagusa kete.

Kilichonishika mimi ni kuvua samaki kwa mshipi. Uzi, ndoana, chubwi ya kuuzamisha uzi, na chambo, basi. Mjomba alinifundisha kuupitisha uzi juu ya kidole cha shahada bila kuukaza. Samaki kama changu akidonoa, kidole kinajua kabla yako. Na bahari ndiyo inayokupangia ratiba. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo yakijaa magharibi leo, wiki ijayo yatajaa karibu na usiku wa manane, na tena karibu na adhuhuri, maana hujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo huvuta mno. Mgeni aanze maji mafu, mwezi ukiwa nusu na mkondo mpole. Siku nyingine narudi mikono mitupu, mke wangu anacheka, na wala sijuti.

Wewe kazini unashinda na watu au peke yako? Na hilo gitaa kama bado lipo, mpwa wangu analitafuta.