Viongozi wanadhulumu kwa sababu ya mfumo wa siasa au kwa tamaa ya nafsi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Kazini kwetu kuna mabishano hayaishi. Mmoja anasema viongozi wanaiba na kuonea watu kwa sababu ya ubepari. Mwingine anasema ni mazoea tuliyoachiwa na ujamaa. Mimi nasema ni tamaa tu, ukibadili mfumo umebadili wezi. Dini inasemaje? La pili: mimi ni afisa manunuzi. Wazabuni huniletea zawadi kazi ikishakwisha, bila mimi kuomba. Hukumu yake nini?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Katika hilo la kwanza uko karibu na haki, ila hujaimaliza. Mtume ﷺ, katika hadithi ya Ka'b bin Malik aliyoipokea Tirmidhi, amesema kwamba mbwamwitu wawili wenye njaa wakiachiwa kundi la kondoo hawaliharibu kuliko pupa ya mtu juu ya mali na heshima inavyoiharibu dini yake. Tazama, ni mali *na* heshima. Watu wakitaja tamaa huhesabu pesa peke yake, na yupo kiongozi asiyegusa senti ya mtu lakini hakubali kupingwa. Huyo naye ana mbwamwitu wake.

Kwamba tamaa haina chama, ushahidi wake ni Qaruni. Surat al-Qasas, aya ya 76, inasema alikuwa katika kaumu ya Musa, yaani ukoo ule ule uliokuwa ukiteswa na Firauni, naye akawafanyia jeuri wenziwe. Wala tusiende mbali: kamati ya msikiti haina ubepari wala ujamaa, na mara ngapi pesa za ujenzi zimepotea mikononi mwa watu wa safu ya kwanza?

Lakini ukisema ni tamaa tu, utawaelezaje Makhawariji, kundi lililojitenga na Ali, khalifa wa nne, na kumpiga vita? Walikuwa watu wa swala ndefu. Wanahistoria wamepokea kwamba mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini ya mtende akaitia mdomoni, wenzake wakamkemea kwa kula bila kulipa, akaitema. Watu hao hao wakamchinja Abdullah bin Khabbab, wakamuua na mkewe mjamzito, kwa sababu tu ya kutoafikiana nao juu ya Ali. Ali akapigana nao Nahrawan mwaka 38 Hijria, na mwaka 40 mmoja wao akamuua. Hapo hapakuwa na tamaa ya tende hata moja. Palikuwa na fikra iliyowaambia kwamba damu ya mpinzani ni halali. Hata kwetu Tanzania, wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, serikali ilipohamishia watu katika vijiji vya ujamaa, wapo wananchi waliochomewa nyumba ili wahame, na waliotekeleza hawakutajirika kwa hilo. Waliamini wanajenga nchi.

Kwa hiyo mabishano yenu yamechanganya magonjwa mawili. Wizi wa mali chanzo chake mara nyingi ni tamaa, na mfumo humfungulia au humfungia mlango. Uonevu wa watu mara nyingi huja na itikadi inayomtuliza mwonevu roho. Firauni hakusema "nataka kuwatawala". Alisema anawaonyesha njia ya uwongofu (Surat Ghafir, aya ya 29).

Na hao wa kulaumu mfumo wasipuuzwe, maana Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili, hakutosheka na mawaidha. Alikuwa akiandika mali ya gavana siku ya kumteua, na ikizidi bila maelezo hugawa nusu kwa nusu na baytul-mal, yaani hazina ya Waislamu. Imepokewa kwamba alikuta ngamia wa mwanawe Abdullah wamenenepa malishoni, akaamuru wauzwe, Abdullah achukue mtaji wake na faida iende hazina, kwa kuwa wachungaji huwapendelea ngamia wa mtoto wa Amiri. Azimio la Arusha la 1967 liliona mlango huo huo: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, na likamhesabu pamoja na mkewe. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991.

Sasa zawadi zako. Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi akasema: hizi zenu, hizi nimezawadiwa. Mtume ﷺ akapanda mimbari, akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama angeletewa (Bukhari na Muslim). Kipimo ndicho hicho. Kalenda inayogawiwa kila mpita njia ungeipata hata ungekuwa kwa mama yako. Mbuzi wa mzabuni usingempata. Kusema kwamba kazi imekwisha hakusaidii, kwa sababu zabuni ya mwakani inakuja na mbuzi huyo ameshatangulia. Anayesalimika ni yule mliyekuwa mkizawadiana kabla ya cheo, kwa kiwango kile kile, na hana jambo mezani kwako.

Ulivyopokea, Imamu Nawawi anasema virudishwe kwa waliotoa, na ikishindikana viingie baytul-mal, ambayo kwako ni hazina ya umma. Usivitoe sadaka ukadhani umemaliza. Kilicholiwa lipa thamani yake. Kama hukumbuki, kadiria mpaka moyo uwe na dhana yenye nguvu kwamba umezidisha kuliko kupunguza. Huko mbele, kila kinacholetwa kiandikwe siku hiyo hiyo: nani, nini, thamani, na mkuu wako atie saini. Angalia pia kanuni za ofisi yako, maana huenda zinakutaka utoe taarifa hata ya ulichokataa.

Wallahu a'lam.