Ukimuachia hela anayekusafishia chumba, acha na karatasi

Mwezi uliopita nilikuwa Dodoma kwenye semina ya siku nne, hoteli ya kawaida tu, na chumba cha pili yangu kalala dada mmoja tuliyekutana hapohapo. Asubuhi ya kwanza tunatoka kwenda kunywa chai, anafunga mlango huku ananiambia, nimemwachia msafishaji elfu kumi pale mezani karibu na rimoti. Nikamuuliza umeandika? Akasema niandike nini tena, hela si inajieleza yenyewe. Nikamwambia dada yangu fungua mlango turudi.

Sikuwa najifanya mjuaji. Nimefanya hausikiping miaka minne, hoteli ya ufukweni kaskazini Unguja, na katika yote niliyoyaona kwenye ile kazi hili la hela isiyo na maelezo ndo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mgeni anatoa kwa moyo safi kabisa na hajui kwamba anamuweka mtu kwenye mtihani.

Sheria tuliyofundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kukunja shuka kona, ni hii: hela yoyote unayoikuta chumbani na mgeni bado yupo, huigusi. Iwe mezani, juu ya friji, kwenye droo, chini ya mto. Unafuta vumbi pembeni yake, na ikibidi uisogeze basi unairudisha palepale ilivyokaa. Na kama mgeni ameshaondoka, unampigia supavaiza, anakuja anaishuhudia, inaandikwa kwenye daftari la vitu vilivyosahaulika, tarehe, namba ya chumba, kiasi, jina lako, alafu inafungiwa ofisini. Mimi nimewahi kukuta dola arobaini juu ya meza ya kioo baada ya familia iliyokaa wiki nzima kuondoka, na moyoni najua kabisa zile ni zangu maana yule mama alikuwa ananisalimia kila siku, lakini hakuna karatasi, zikaenda kwenye daftari. Mpaka naacha kazi sikuziona tena.

Hiyo ni afadhali. Mwenzangu mmoja yalimkuta makubwa zaidi. Aliingia chumba, mke na mume, wametoka kwenda baharini, akakuta elfu ishirini juu ya mto. Juu ya mto, sio mezani, na kwa kawaida ya kazi yetu hela juu ya mto ni bakshishi, kwa hiyo akaichukua akatia mfukoni akatandika kitanda akaendelea na vyumba vingine. Saa nane mume akarudi, hakuiona, akashuka mapokezi analalamika kaibiwa. Dada wa watu kaitwa ofisini, kaulizwa, hakuficha hata kidogo, kasema ninayo hii hapa nilijua mmeniachia. Akaambiwa avue sare aende nyumbani asubiri barua. Jioni mke anarudi anasikia habari, anashtuka, anasema jamani ile mimi ndo nilimuachia yule dada. Mume na mke hawakuambiana, basi. Kesho yake karudishwa kazini, lakini ameshapita getini mbele ya watu wote na mfuko wake umekaguliwa, na kuna wenzetu walioendelea kumtazama kwa jicho lile mpaka alipohama mwenyewe.

Karatasi ndogo tu ingemaliza yote. Kipande chochote, ile notbuku ya hoteli iliyopo mezani, hata nyuma ya risiti. Andika "Hii ni ya anayesafisha chumba, asante sana", weka namba ya chumba na tarehe, weka hela juu yake, vyote juu ya mto. Sekunde ishirini hazifiki. Na ile karatasi yeye hataitupa, ataitunza, maana ndo ushahidi wake akiulizwa. Mi nilikuwa na bahasha nzima ya vikaratasi vile kwenye kabati langu la chumba cha kubadilishia nguo.

La pili ni kuacha kila siku, usisubiri siku ya kuondoka. Hili watu wengi hawalijui kwa sababu wanaona chumba ni kilekile wanadhani na mtu ni yuleyule. Sisi tulikuwa na siku moja ya kupumzika kwa wiki, alafu vyumba vinabadilishwa, leo upo ghorofa ya chini kesho umepelekwa nyumba za bustanini kwa sababu kuna mtu anaumwa. Kwa hiyo wewe umekaa siku sita, aliyekutolea mchanga bafuni siku tano ni mwingine, na aliyeingia siku ya sita akakuta elfu thelathini ni mwingine ambaye hajawahi hata kuuona uso wako. Wapo wanaogawana, na wapo wasiogawana, na huwezi kumlaumu maana karatasi yako imeandikwa "anayesafisha chumba" na siku hiyo ni yeye.

Nigusie kidogo kazi yenyewe, maana naona mtu akishajua hasumbuki tena kuuliza "kwani ni lazima?". Vyumba kumi na mbili mpaka kumi na nne kwa mtu mmoja kwa siku. Chumba ambacho mgeni anaendelea kukaa unakimaliza kwa dakika ishirini, ishirini na tano, lakini cha cheki-auti ni dakika arobaini na zaidi kwa sababu unavua kitanda chote, unasugua bafu zima, unaangalia chini ya kitanda, kwenye droo, nyuma ya pazia. Na saa nane mgeni mwingine yuko mapokezi na mabegi yake. Mwezi wa Ramadhani unafanya yote hayo umefunga, jua la Unguja lile, unasukuma toroli kwenye mchanga.

Alafu kuna piko. Wageni wanachorwa piko jioni pale ufukweni, miguuni na mikononi, mtu hasubiri ikauke anapanda kitandani. Asubuhi unafunua duveti unakuta shuka nyeupe ina ua jeusi limejipiga chapa mara tatu, na alama ya kisigino pale chini kabisa. Unajua hapohapo hiyo haitoki. Unaipeleka kwa dobi, anailoweka kwenye jiki mpaka kesho, inarudi na kivuli cha kijivu, inahesabiwa imeharibika, na maswali yanaanza kwako, kwanini hukuripoti saa ileile, mgeni ashaondoka nani atalipa. Kwa hiyo wewe mgeni ukipenda piko, pendeza, ila omba taulo la zamani utandike, na siku hiyo ongeza kidogo kwenye bakshishi.

Sasa shilingi ngapi. Hapa nasema ninavyofanya mimi, kwa Tanzania, na mtu ana uhuru wake. Gesti ya elfu thelathini arobaini naacha elfu mbili kwa usiku. Hoteli ya kati, hizi za semina, elfu tatu mpaka tano. Hoteli kubwa ya ufukweni ambayo umelipa laki na nusu kwenda juu, elfu tano ndo pa kuanzia na elfu kumi inapendeza. Ukiwa na watoto waliomwaga juisi, au mmefanya sherehe chumbani kuna keki kwenye zulia, au mtu alitapika, au wamekupambia kitanda kwa maua ya bogenvilia wakaandika jina la bibi harusi kwa majani jani mojamoja (ile kazi ni zaidi ya nusu saa na haimo kwenye muda wa chumba), ongeza. Kama huna basi huna, elfu moja yenye karatasi ya asante nilikuwa naipokea kwa furaha ileile, naapa. Mshahara wangu wa kuanzia ulikuwa laki na nusu, elfu moja ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani.

Na iwe shilingi. Ndugu zetu mnaokuja likizo toka Ulaya na Uarabuni, na nyie mnaoleta wageni, naomba mlibebe hili. Dola moja moja zile maduka ya kubadilisha fedha yanazinunua kwa bei ya chini kuliko noti kubwa, noti ya zamani ya kabla ya 2006 au iliyochanika kidogo pembeni wanairudisha, na sarafu za yuro hawazichukui kabisa. Tulikuwa na kopo la maziwa ya unga stoo limejaa sarafu za yuro na hakuna mtu aliyeweza kuzinunulia hata mkate, tulikuwa tunasubiri mgeni mwema anayerudi kwao atubadilishie. Na siku hizi kanuni za 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hata kule dukani msafishaji alikokuwa anaponea dola yake haipokelewi. Badilisha wewe, una pasipoti na una muda.

Kaka zangu, hili ni lenu. Ukimkuta dada anasafisha chumba, usimpe hela mkononi mkiwa wawili ndani na mlango umeegeshwa. Najua wengi wenu hamna nia mbaya hata chembe. Lakini yeye hajui nia yako, na aliyepita koridoni hajui, na maneno ya "alipewa hela chumbani" yanasambaa hoteli nzima kabla ya chakula cha mchana. Toka nje kwenye toroli lake, watu wanaona, mwambie "dada asante kwa kazi, hii ya maji", imeisha. Au juu ya mto na karatasi. Na usimuombe namba ya simu eti umrushie kwa M-Pesa, maana akikataa anaonekana hana adabu na akikubali namba yake imeshaondoka. Tuliwahi kupigiwa simu saa sita za usiku na watu walioachiwa namba kwa njia hiyo.

Vitu pia. Watu wanaacha viatu, nguo za watoto, mafuta ya nywele yaliyobaki, biskuti ambazo hazijafunguliwa, wanasema msafishaji atachukua. Hawezi. Pale getini kuna mlinzi anakagua kila mfuko unaotoka, na bila karatasi ya ruhusa kile kiatu kinarudi ndani au kinaonekana cha wizi. Andika, "nimempa viatu hivi jozi moja na fulana mbili anayesafisha chumba namba kadhaa", weka sahihi. Supavaiza akiiona anatoa ruhusa ya geti bila maswali. Ila tafadhali kitu kiwe kizima. Chupi iliyotumika sio zawadi.

Kuhusu lile sanduku la bakshishi pale mapokezi, sina ugomvi nalo. Linawafikia dobi, waosha vyombo, wa bustani, watu ambao mgeni hawaoni kabisa, na yule dobi wa piko hajawahi kuachiwa karatasi juu ya mto maisha yake yote. Uliza tu linagawanywaje. Mapokezi wakikujibu vizuri, mwisho wa mwezi linafunguliwa mbele ya wafanyakazi wote, weka. Wakianza kutazamana, hela yako peleka juu ya mto. Na kwenye risiti ukiona sevisi chaji uliza hivohivo.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya mwajiri, alipe mshahara mzuri tusisumbuliane. Ni kweli na mimi nasema alipe. Marekani mwaka 2014 kampuni ya Marriott iliweka bahasha za bakshishi vyumbani na watu wengi walikuja juu kwa hoja hiyohiyo, kwamba ongezeni mishahara kwanza badala ya kumtegemea mgeni. Chama chao cha mahoteli kinashauri dola 1 mpaka 5 kwa usiku, iachwe kila siku, kwenye bahasha iliyoandikwa, na mdogo wangu anayesafisha vyumba huko ananiambia wageni wengi tu wanaondoka bila kuacha kitu. Mimi sioni kwanini tusubiri moja ndo tufanye jingine. Mwezi wa nne na wa tano mvua za masika zikianza hoteli nyingi za Unguja zinafunga, watu wanarudishwa nyumbani, na kilichokuwa kinatuvusha miezi ile ni vielfu elfu tulivyokuwa tumeviweka toka Disemba.

Na kama hela huna kabisa, taja jina. Wana vibao vya majina kifuani. Kwenye fomu ya maoni au kwenye mtandao andika dada fulani wa chumba fulani amefanya kazi nzuri, kwetu ilikuwa inasomwa kwenye kikao cha asubuhi na mkataba ukifika wa kuongezwa inahesabika.

Dodoma siku ya mwisho tuliondoka haraka, basi la saa kumi na mbili asubuhi, tumefika Gairo yule dada anashika kichwa, leo sijaacha. Akapiga mapokezi palepale, akataja chumba na tarehe, akaomba aongee na supavaiza wa hausikiping mwenyewe, akamtumia elfu tano na ujumbe ulioandika ni ya nani. Baada ya kama saa moja akajibiwa kwa picha, daftari limeandikwa kiasi na chini yake kuna sahihi ya kalamu ya bluu.