Kubadili mkanda wa taimingi kwenye Corolla yenye 5A-FE

Ndugu wa Uyole, kama Corolla yako yenye injini ya 5A-FE umeinunua mkononi na hujui mkanda wa taimingi (unaozungusha kamshafti kutoka kwenye krankishafti) ulibadilishwa lini, usingoje ifike kilomita 100,000. Mkanda ukikatika, injini hiyo huzima tu, valvu hazigongani na pistoni. Ila kuzimikiwa katikati ya mlima wa Kitonga si mchezo.

Nunua mkanda, puli ya tensheni (inayokaza mkanda) na springi yake, pamoja na oili sili za kamshafti (shafti inayofungua valvu) na krankishafti, yaani kranki (shafti inayozungushwa na pistoni). Watu wengi huacha sili, kumbe oili ikivuja juu ya mkanda mpya inauharibu mapema.

Chomoa betri na plagi, injini izunguke kirahisi. Peleka alama ya puli ya kranki kwenye 0 ya kifuniko cha mkanda, kisha chungulia tundu dogo la gia ya kamshafti: lilingane na alama ya kifuniko cha beringi. Halijalingana? Zungusha kranki mara moja zaidi.

Baada ya kuvisha, legeza bolti ya tensheni springi ivute, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili, upande wa saa tu, ukague alama, ndipo ukaze. Zikipishana hata jino moja, vua uanze upya, usiwashe kujaribu.