Kwa nini dirhamu za Wavikingi zimekatwakatwa?

SWALI: Nimeona picha za sarafu zenye maandishi ya Kiarabu zilizochimbuliwa Sweden. Nyingi ni vipande tu, nyingine zina alama za kisu. Je, Wavikingi, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, walizipora, kisha wakaziharibu kwa kutojua kuzisoma?

JIBU: Kuzisoma hawakujua, ila hawakuziharibu. Kiswahili kinakusaidia hapa: kwetu madini ya fedha na fedha ya matumizi ni neno moja, na kwa Mvikingi wa karne ya 9 ilikuwa hivyo hivyo. Sarafu hakuihesabu, aliipima. Dirhamu nzima, yaani hiyo sarafu ya fedha ya nchi za Kiislamu, ina karibu gramu 3. Bei ikiwa gramu moja na nusu, inakatwa katikati, nusu inarudi mfukoni. Hata bangili ilikatwa. Ndiyo maana makaburi ya Birka, mji wa biashara wa Wavikingi huko Sweden, yametoa mizani ndogo za kukunja pamoja na mawe yake.

Sasa zile alama. Sarafu ukiinamisha kwenye mwanga, unaona vichanjo vifupi vya ncha ya kisu. Mpokeaji alikuwa anaijaribu, kama sonara anavyojaribu mkufu ulioletwa na mtu asiyemjua. Fedha safi ni laini; shaba iliyopakwa fedha huonyesha wekundu wake papo hapo. Mimi huhesabu vichanjo kabla ya kusoma mwaka wa Hijria, maana sarafu iliyopita mikono mingi huwa imechanjwa mara nyingi.

Kuhusu uporaji, upande wa magharibi ni kweli: Lindisfarne, monasteri ya Uingereza, ilivamiwa mwaka 793, na mwaka 845 Wavikingi waliondoka Paris baada ya kulipwa pauni 7,000 za fedha. Lakini dirhamu nyingi zilitoka Samarkand na Shash, yaani Tashkent ya leo, zikapitia soko la Bulghar kwenye mto Volga. Huko walilipwa Wavikingi waliouza ngozi za manyoya na watumwa. Usiwasafishe basi: watumwa hao wengi walitekwa kwanza. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad aliyewakuta mwaka 922 Warus, yaani Wavikingi wa njia ya Volga, aliandika kwamba mwanamume akifikisha dirhamu 10,000 humtengenezea mkewe mkufu mmoja. Zikifika 20,000, miwili.

Hazina ya fedha ya Wavikingi iliyo kubwa kuliko zote ilifukuliwa Spillings, kisiwani Gotland, Sweden, mwaka 1999: kilo 67 za fedha, sarafu zaidi ya 14,000. Mojawapo, iliyopigwa na Wakhazari, watu wa kusini mwa Volga ambao watawala wao walifuata dini ya Kiyahudi, imeandikwa “Musa ni Mtume wa Mungu”. Kwenye mizani ilikuwa dirhamu kama nyingine.