Kisanduku Kimoja Katika Ritani ya Mwanangu

Machi 2024, ritani yangu ya kodi ilikataliwa na mfumo wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, saa chache baada ya kuituma, kwa maelezo kwamba namba ya hifadhi ya jamii ya mmoja wa wategemezi wangu ilikuwa imekwisha kutumika kwingine. Nilidhani tumeibiwa. Kumbe mwizi wangu alikuwa chumba cha pili, kijana wa miaka 17, aliyekuwa amejaza ritani yake kwa simu huku amelala kitandani.

Tangu kiangazi cha 2023 alikuwa akipanga bidhaa katika duka moja la vyakula hapa Houston. Mwisho wa Januari alipokea kutoka kwa mwajiri fomu W-2, inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka: kisanduku namba 1 kilionyesha mshahara wa dola 5,900, na namba 2 kodi ya serikali kuu iliyozuiwa, dola 187. Alisikia shuleni kwamba fedha hizo hurudishwa, na alisikia sawasawa. Alipoteleza ni pale fomu 1040, yaani ritani yenyewe, inapouliza kama kuna mtu anayeweza kukuorodhesha kuwa mtegemezi wake. Alijibu hapana, ndiyo maana mfumo ulinikatalia mimi nilipomworodhesha. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Baba, mimi nauli najilipia mwenyewe."

Sheria haiangalii nauli. Mtoto aliye chini ya miaka 19, au chini ya 24 ikiwa ni mwanafunzi wa muda wote, anayeishi na mzazi kwa zaidi ya nusu ya mwaka na asiyejigharamia zaidi ya nusu ya matunzo yake, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mtegemezi. Ukijumlisha kodi ya nyumba, chakula na bima, dola 5,900 hazikufika popote. Tena swali linahusu mtu anayeweza kukuorodhesha, hata kama hajafanya hivyo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lile halikumwongezea hata senti. Kwa mwaka 2023, mtegemezi aliyeajiriwa alisamehewa kodi kwa kiasi cha mshahara wake pamoja na dola 400, mradi jumla isizidi dola 13,850. Kwa hiyo hakudaiwa kitu, na dola zake 187 zingerudi vilevile. Mimi nililazimika kuchapisha ritani na kuipeleka posta, naye kurekebisha yake kwa fomu 1040-X, huku nafuu yangu ya dola 500 kwa ajili yake ikisubiri pamoja na marejesho mengine. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea mwajiri akate PAYE na mambo yaishie hapo, ndiyo maana hatukai na watoto kuzungumzia ritani. Kaeni, kabla yeyote hajatuma.

Mwambie mtoto pia mapema kwamba makato ya hifadhi ya jamii, asilimia 6.2, na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, hayarudishwi. Kwa mwanangu yalifika dola 451 na senti 35, na alinuna siku mbili. Kama mwaka uliopita hakudaiwa kodi ya mapato na mwaka huu hatarajii kudaiwa, anaweza kuomba katika fomu W-4, ile anayompa mwajiri, asikatwe kodi hiyo tangu mwanzo, ila ombi hilo hurudiwa kila mwaka.

Wanaojiajiri wana hesabu nyingine kabisa. Mpwa wangu husuka nywele Jumamosi, analipwa taslimu, na aliamini kwamba mtoto wa shule hahusiki na kodi. Faida ikifika dola 400 kwa mwaka, baada ya kutoa gharama za rasta na mafuta, ni lazima kuwasilisha ritani na kulipa kodi ya waliojiajiri ya asilimia 15.3, inayopigwa juu ya asilimia 92.35 ya faida hiyo, hata kama kodi ya mapato ni sifuri. Nilimnunulia daftari. Ukurasa wa kushoto anaandika alicholipwa na tarehe, wa kulia alichonunua, na risiti anazibana kwa pini ya nywele.